Doti Nne Zilizoopolewa Mtoni

Jina la Sudi Namkoka lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji Jumatatu asubuhi, na hadi Alhamisi mwenyewe alikuwa hajaenda kulisoma. Kila alipokaribia ofisi na kukuta watu wawili watatu wamesimama pale, aligeuza njia akajifanya anatafuta mbuzi wake, naye hakuwa na mbuzi.

Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mwenye mikono ya nguvu, lakini ukimwita kwa sauti mbele za watu anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Alimaliza darasa la saba Naliendele, akapata kibarua kwenye mashamba ya utafiti wa korosho, akafundishwa kubebesha miche: unakata kikonyo cha mti mzuri, unakipachika kwenye mche mchanga, unafunga kwa ukanda wa nailoni, kisha unanyamaza na kusubiri. Kazi ile ilimfaa kwa sababu miche haiulizi maswali. Ndiyo iliyompeleka Nalingwe, kijiji kilicho karibu na mlango wa mto Ruvuma, kuwabebeshea watu mikorosho yao. Huko akamwoa Rukia, akajenga, akazaa, akawa mtu wa hapo kwa miaka ishirini na saba.

Alhamisi hiyo Rukia alichoka kumngoja. Alipotoka kisimani alipitia ofisini akasoma mwenyewe, akarudi na ndoo kichwani.

"Baba Nasra, kuna majina sita. Lako la nne. Wameandika: athibitishe asili ya babu."

"Ya babu?"

"Ya babu. Wanasema baba yako alivuka mto akiwa mgongoni kwa mama yake. Sasa wanataka kujua bibi yako alikuwa anatoka wapi na anakwenda wapi." Akatua ndoo. "Mkutano ni wiki tatu zijazo. Anakuja afisa kutoka mjini. Ukikosa la kusema, unahesabiwa mtu wa ng'ambo."

"Wakishanihesabu?"

Rukia alichota maji akanywa. Jibu walilijua wote wawili. Tangu mambo ya ng'ambo yalipochafuka na watu wakaanza kuvuka na magodoro vichwani, majina ya watu wa vijiji vya mtoni yalikuwa yanachambuliwa kama mchele wenye mawe. Mwaka uliopita jirani yao mmoja alikosa shahidi. Alirudishwa ng'ambo na mkeka wake, na sasa nyumba yake ina popo.

Alichokijua Sudi juu ya babu yake kingeenea kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Babu aliitwa Saidi Namkoka. Alipotea kabla ya uhuru. Bibi alivuka mto na mtoto mchanga akakaa kwa ndugu zake, akarudi mtoto akiwa na meno yote, akaenda kuishi Naliendele, na hakukanyaga tena pwani hata kwa mazishi. Basi. Na baba yake Sudi, kila alipoulizwa, alikuwa na sentensi moja tu: "Babu yako alikuwa mtu wa forodha. Kula ugali."

Sudi alianzia hapo kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuanzia. Alikwenda Mtwara mjini, akazunguka jengo la forodha hadi jua likawa kali, ndipo akaingia. Kijana wa mapokezi alimsikiliza kwa adabu, akamwambia karatasi za kabla ya uhuru hazikai pale. Aliyemsaidia ni mlinzi wa getini, mzee mmoja aitwaye Josephu, aliyemwona anatoka ameinamisha kichwa.

"Kaka, pole. Karatasi za mkoloni zilikwenda Dar, nyingine zilikwenda Ulaya, nyingine alizila mchwa. Lakini sikiliza. Zamani kila alichokitwaa mtu wa forodha kilipigwa mnada, na wanunuzi walikuwa wenye maduka wa Mikindani. Wale hawatupi stakabadhi. Nenda duka la Zainulabedin. Mwenyewe ni marehemu, lakini mkamwana wake yupo, Mama Zohra. Ana ulimi, usimwogope."

Kumwambia Sudi asiogope ilikuwa kama kumwambia kuku asiparue. Duka la Zainulabedin liliuza misumari, nyavu na rangi. Alilipita mara ya kwanza akiangalia upande wa pili wa barabara. Alilipita mara ya pili akiangalia saa ambayo hakuivaa. Mara ya tatu sauti ya kike ikatoka ndani.

"Wewe mwenye shati la bluu! Umepita mara tatu. Unataka kuiba au unataka kuchumbia? Kama ni kuiba, mali iko huku ndani. Kama ni kuchumbia, umechelewa miaka sitini."

Sudi akaingia. Nyuma ya mizani alikaa bibi mdogo wa umbo, shungi jeupe, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwenye ndoo hiyo ya rangi. Sema."

Mama Zohra aliendelea kupima misumari, robo kilo, robo kilo, bila kumharakisha. Pakiti ya tano ilipofungwa ndipo Sudi akasema, "Namtafuta babu yangu."

"Humu hayumo, labda uhamishe mabati."

"Alikuwa mtu wa forodha, mama. Kule mlango wa mto. Saidi Namkoka."

Mkono wa mizani ukabaki hewani. Mama Zohra alimtazama usoni, kisha shingoni, kisha mikononi, kama anayekagua kitambaa chenye kasoro asiyoiona bado.

"Rudia jina."

"Saidi Namkoka."

Akainuka, akaenda nyuma ya duka. Alirudi na kasha la bati lililojaa mafungu ya karatasi, kila fungu limefungwa kamba ya katani na kuandikwa mwaka. "Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa utaratibu," alisema. "Kila mnada na karatasi yake. Alisema serikali husahau, karatasi haisahau." Alilamba kidole, akapekua. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza cha Sudi kiliishia kwenye siku za wiki, hivyo bibi akasoma kimyakimya kwanza, kisha akamgeuzia kwa Kiswahili, pole pole.

"Mwaka hamsini na tano, mwezi wa tisa. Mali iliyotwaliwa na forodha na kuuzwa kwa mnada. Kanga, doti nne, zimelowa. Zimeopolewa mlango wa mto Ruvuma. Na hapa chini: aliyetwaa ni askari wa forodha Saidi Namkoka, wa kituo cha mtoni. Hii ndiyo sahihi yake."

Sudi alisogeza uso. Sahihi ilikuwa ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi zimesimama moja moja kama nguzo za uzio. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile pumzi ilimshuka mpaka tumboni. Babu yake alikuwepo. Alikuwa askari wa serikali, upande huu, na jina lake limeandikwa kwa wino. Nusura acheke.

Kisha neno moja likamkwama.

"Mama, kwa nini zimelowa? Nani anapiga mnada nguo mbichi?"

"Hujui?"

"Sijui."

"Unakaa wapi wewe?"

"Nalingwe."

Mama Zohra alivua miwani. "Unakaa Nalingwe na hujui." Akashusha sauti, ingawa dukani hamkuwa na mtu. "Mwanangu, nguo hizi baba mkwe alizinunua bila kuuliza, na hakuuza hata moja. Wanawake walizishika, wakazinusa, wakaziacha, kwa sababu walijua zilifunguliwa kwenye mwili wa nani. Mwishowe alizitoa sadaka ya sanda. Huko kwenu babu yako hamumwiti Saidi. Mnamwita Kipenga."

Hakuna mtoto aliyekua Nalingwe asiyemjua Kipenga. Kilio kikizidi, mama husema: nyamaza, Kipenga atakusikia. Mtu akiiba embe huambiwa: Kipenga amekuona. Nyuma ya kijiji, kwenye mikoko, palikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, mabaki ya banda la forodha, na wavuvi waliokuwa tayari kulala na nyoka walipazunguka pale kwa mbali. Sudi mwenyewe hakuwahi kufika. Na hadithi ya Kipenga alikuwa ameisikia kwa miaka ishirini na saba ndani ya nyumba yake, kinywani mwa mkewe, kwa maana iliwahusu watu wa ukoo wake.

Bi Hawa, bibi yake Rukia, alikuwa na binti unyagoni. Siku ya kutolewa ilikaribia, na mwali hatolewi na kanga kuukuu. Upande wa Mreno, ng'ambo ya mto, kanga zilikuwa rahisi. Bi Hawa akavuka na wenzake wanne, akanunua doti nne, na ili watu wa forodha wasizione akazizungusha mwilini, moja juu ya nyingine, kuanzia kifuani hadi magotini, akavaa gauni juu. Ndivyo wanawake wa huko walivyofanya wote. Walirudi mchana maji yakijaa. Mtumbwi ulipofika katikati, kipenga kililia ukingoni. Mpiga kasia akashtuka, akauacha mtumbwi ugeuke ubavu pale mto unapokutana na bahari, nao ukapinduka. Wanne waliogelea. Bi Hawa alikuwa mwogeleaji kuwashinda wote, lakini doti nne zikinywa maji ni mawe.

Hilo lilikuwa baya. Lililofuata ndilo lililomfanya Kipenga kuwa Kipenga. Walipomwopoa, askari yule alipiga magoti kwenye tope akazifungua zile kanga mwilini mwa marehemu, moja moja, akihesabu kwa sauti, kama mtu anayemenya kitunguu. Akazikunja zinachuruzika maji, akaondoka nazo. Bintiye Bi Hawa, aliyekuja kuwa mama yake Rukia, alitolewa unyagoni na kanga ya kuazima, na hakuna aliyempigia vigelegele.

Nasra alipokuwa mdogo na hataki kulala, Sudi naye alikuwa akimwambia: "Funga macho, Kipenga huyo."

Alirudi Nalingwe na karatasi ile ndani ya mfuko wa nailoni, ameificha chini ya shati, na njia nzima iliuunguza ubavu wake. Akiionyesha, yeye ni Mtanzania mjukuu wa Kipenga. Akiificha, si mjukuu wa mtu yeyote, na ng'ambo inamngoja. Alipofika nyumbani Rukia alimuuliza, "Umepata?" Akasema, "Bado." Lilikuwa neno dogo tu, lakini baada ya kulitamka hakuweza kumtazama mkewe machoni.

Kesho yake alimwendea mzee Bakari, aliyekuwa na zaidi ya miaka themanini na ndiye pekee aliyebaki wa wakati ule. Alimkuta anapukuchua mahindi. Sudi alianza kuzunguka na maneno, mzee akamkatiza.

"Nilikujua tangu siku uliyoingia kijiji hiki. Una shingo yake."

"Kwa nini hukusema, babu?"

"Ulikuja kubebesha mikorosho yangu. Ningesema, nani angeimaliza?" Akacheka peke yake, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Tena mjukuu wangu, mtu akisema namjua Kipenga, swali la pili ni ulimjuaje. Mimi nilikuwa nikila samaki bandani kwake. Hilo wewe hukulisikia."

"Nisaidie mkutanoni. Sema tu alikuwa mtu wa huku."

Bakari alipukuchua hindi zima. "Nitasema Saidi Namkoka alikuwa mtu wa huku. Saidi, basi. Na hiyo karatasi uliyoificha, ichome."

"Umejuaje kuna karatasi?"

"Umeshika ubavu tangu ulipokaa. Ichome."

Hakuichoma. Mara mbili aliiweka karibu na moto wa jikoni, mara mbili akaona zile herufi zilizosimama kama nguzo, akashindwa. Chakula kilimkinaisha. Shambani alipokuwa anafunga ukanda kwenye mche, akizungusha, akizungusha, vidole vyake vilimtisha mwenyewe. Aliviacha vikaning'inia, mche ukaanguka.

Rukia aliyaona hayo yote na akayapa maana yake. Wiki ya mkutano Sudi alirudi kutoka shambani akamkuta anakunja nguo, za kwake na za mumewe, anazitia kwenye gunia moja. Sufuria ndogo ilikuwa imeshaingia, na jembe limetolewa mpini.

"Unafanya nini, Mama Nasra?"

"Nimekuona wiki mbili huli. Maana yake hukupata kitu na unaona haya kuniambia." Alibana gunia kwa goti. "Wakikurudisha ng'ambo, hurudi peke yako. Nimemwambia kaka Nassoro aangalie mikorosho. Mtu wa kunizika mimi ni wewe, iwe huku, iwe kule."

Hapo ndipo Sudi alipoogopa kuliko siku zote. Angeweza kuwadanganya maafisa kumi, lakini mwanamke aliyemtilia nguo gunia moja na zake hakuweza. Akatoa mfuko wa nailoni, akaiweka karatasi juu ya kitanda. Akamweleza, akiangalia sakafu, maneno yakitoka vipande vipande: duka, kasha, mwezi wa tisa, doti nne. Alipofika kwenye jina, alilinong'ona.

Rukia hakupiga kelele. Alisogea nyuma hatua moja, halafu nyingine, hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Miaka ishirini na saba," alisema.

"Sikujua. Naapa sikujua mpaka wiki ile."

"Wiki ile ulijua. Ukaniambia bado."

Akalifungua gunia, akatoa nguo zake moja moja, akaacha za mumewe humo. Akatoka. Sudi alimwona anakata kona ya kwenda kwa kaka yake, mwisho wa kijiji, na hakuthubutu kumwita.

Siku ya mkutano watu walijaa chini ya paa la bati la ofisi hadi nje juani. Afisa kutoka mjini alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya upole na kompyuta juu ya mapaja. Utaratibu ulikuwa huu: jina linasomwa, mtu anasimama, anataja baba na babu, na yeyote anayewajua anasema. Wa kwanza alipita. Wa pili alipita. Wa tatu aliambiwa akae pembeni, akakaa, mkewe akaanza kulia kimya.

"Sudi Namkoka."

Alisimama. Alimwona Nassoro, kaka yake Rukia, amekunja mikono. Upande wa wanawake Rukia alikaa kati ya wake wa kaka zake, ameangalia mbele.

"Babu yako anaitwa nani?"

"Saidi... Saidi Namkoka."

"Alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa huku."

"Nani anamjua?"

Sudi alimtazama mzee Bakari. Mzee alikuwa anachezea kofia yake. Mtu mmoja nyuma akakohoa, mwingine akasema, "Babu Bakari, wewe ndiye mkubwa hapa." Bakari akainua kichwa, akamwona Nassoro, akakishusha.

"Mimi umri umenitupa," alisema. "Simkumbuki."

Mwenyekiti wa kijiji akapiga meza kidogo kwa kalamu. Sudi aliona popo wakitoka dirishani mwa nyumba yake mwenyewe. Mkono ukaingia ndani ya shati bila yeye kuutuma, ukatoka na mfuko wa nailoni, ukampa afisa.

Afisa alisoma. Alisoma tena. "Hii ni hati halali," alisema. "Inasema palikuwa na askari wa forodha hapa, Saidi Namkoka. Lakini, baba, haisemi kama ndiye babu yako. Majina hufanana. Nahitaji mtu wa kuunganisha huyu wa kwenye karatasi na wewe. Hakuna?"

Minong'ono ilishaanza. Askari wa forodha, hapa. Watu walikuwa wanahesabu vidoleni, na mmoja mmoja walikuwa wanafika kwenye jina lile. Kikongwe mmoja alivuta mtoto karibu na mapaja yake. Nassoro alikunjua mikono.

"Yupo," ikasema sauti ya kike.

Rukia alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika ncha za kanga yake kwa mikono miwili.

"Jina lako, mama?"

"Rukia. Ni mke wake. Lakini sisemi kama mke." Akaonyesha karatasi kwa kidole. "Huyo wa kwenye karatasi ndiye Kipenga. Msijifanye hamumjui, mnawatishia watoto kwa jina lake. Bibi yangu alizama mtoni kwa sababu yake, na zile doti nne ni za bibi yangu. Kipenga alisimama ukingo huu, hakusimama ng'ambo. Mama yangu alinihadithia kila mwaka mpaka alipokufa."

"Pole, mama," alisema afisa. "Na huyu mume wako?"

"Nakuja." Rukia akageukia watu. "Wiki ileile Kipenga alihamishwa na serikali yake. Mkewe alibaki na mtoto mchanga. Wanawake wa kijiji hiki walimfukuza. Walimrushia tope mpaka akaingia mtumbwini, tope hata usoni mwa mtoto. Mama yangu alirusha, aliniambia mwenyewe, na mkono ule alikuwa akiuangalia mpaka uzeeni. Mtoto yule ndiye baba wa huyu. Mnauliza alivuka kutoka wapi? Alitoka hapa. Sisi ndio tuliomvusha."

Kisha mzee Bakari akainuka taratibu kwa mkongojo wake, uso umelowa.

"Ni kweli," alisema. "Mtoto alikuwa wa miezi minane. Nilikuwepo."

"Mzee, umesema humkumbuki."

"Nilisema hivyo kwa woga, mama. Andika kwamba nilikuwepo."

Afisa aliandika. Alipofika mahali fulani akasita, akamgeukia Rukia. "Bibi yako aliitwa nani? Naona kwenye hati hii jina lake halimo. Kanga zimehesabiwa, yeye hakutajwa."

Rukia alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Wale wake wa kaka zake wakamshika mabega. Na Sudi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusema neno kwenye mkutano bila kulazimishwa, alijisikia anasema, kwa sauti iliyopasuka: "Hawa. Hawa binti Chande. Andika, dada. Liandike kamili."

Likaandikwa. Jina la Sudi likapigwa alama, likaitwa la tano.

Mkutano ulipokwisha watu walimpisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyempa mkono wala aliyemtukana. Watoto walimwangalia kama wanaoangalia kitu kilichotoka majini. Alimfikia Rukia nyuma ya ofisi.

"Mama Nasra. Ahsante."

"Usinishukuru, sikukupa kitu. Nimesema lililotokea." Hakumtazama. "Bibi yangu alizikwa haraka haraka, na watu walikuwa wanamwogopa babu yako hata kusoma vizuri walishindwa. Nataka asomewe hitma. Isomwe kwako, mbele ya nyumba yako, na wewe ukae mbele, watu wote wakuone. Na anayealika ni wewe, mlango kwa mlango, kwa mdomo wako. Useme hitma ni ya nani na wewe ni nani. Ukimaliza nitaona kama narudi."

"Mlango kwa mlango?"

"Nyumba zote mia na kumi."

"Nianze wapi?"

"Kwa kaka Nassoro."

Alikwenda Jumamosi asubuhi, amevaa kanzu ambayo alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya harusi ya Nasra. Njiani alirudi nyuma mara mbili. Uani kwa Nassoro palikuwa pamefagiwa, na mlango umefungwa. Ndani alisikia sauti ya panga likinolewa, au labda ni jembe. Masikio ya mtu mwoga hayachagui. Alisimama hapo mpaka kivuli chake kikafupika.

"Hodi."

Kunoa kukakoma. "Nani?"

"Ni mimi. Sudi."

"Sudi nani?"

Nassoro alimjua Sudi nani. Walikuwa wamekula sahani moja kwa miaka ishirini na saba. Sudi akashika fremu ya mlango.

"Sudi, mjukuu wa Saidi Namkoka." Akaongeza: "Mjukuu wa Kipenga. Nimekuja kukualika kwenye hitma ya Bi Hawa binti Chande."

Kisha hatua zikaanza kuja kuelekea mlangoni, nzito, bila haraka, na Sudi akabaki palepale aliposimama.